Mrija wa Mzee Havyarimana

Loyce alikuwa amekwisha kusema tangu wako Kibondo kwamba yeye haolewi na picha za kwenye simu. Bazilio alimtumia picha za kila kitu: shamba lao la Kasulu, ghala lake la maharage, mama zake wadogo wakicheka, hata beberu mmoja aliyevunjika pembe. Loyce akazitazama zote, akazisifu, kisha akamwambia, "Nipeleke nikawaone watu wako wakila na wakicheza. Nikishawaona nitakujibu." Mwanaume mwenye moyo mwepesi angesikia hapo kwamba amekataliwa. Bazilio Ndayikunda alisikia safari, akaenda kujaza mafuta.

Usidhani binti alikuwa na maringo. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, mzaliwa wa Tukuyu, aliyepangiwa kazi Kibondo hata asijue iko upande gani wa nchi. Alifika, akafungua sanduku lake, akajifunza Kiha cha kumtuliza mama mwenye uchungu, na hakuna aliyemsikia akililia uhamisho. Alikuwa mtu wa kujiamini, basi. Na Bazilio alimpenda, hilo hakulificha hata kwa nafsi yake. Walijuana siku Bazilio alipomleta dada yake kujifungua, akang'ang'ania dirishani mwa wodi mpaka akafukuzwa, na alipofukuzwa akauliza jina la aliyemfukuza.

Shida ilikuwa kwa baba mtu. Mzee Havyarimana, maana kwa Warundi mtoto habebi jina la baba, alizaliwa Burundi, akakimbia akiwa kijana, akalima Kasulu, akazaa Kasulu, akapata uraia na kuushukuru. Alikuwa mpole kwa kila mtu isipokuwa kwa jambo moja: hakuwaamini watumishi wanaoletwa kwa barua ya serikali. Alimwambia mwanawe kwamba watu wa namna hiyo hula nawe leo, kesho wakakucheka kwamba baba yako alikuwa mkimbizi. Lakini kwa kuwa alimpenda mwanawe, alitoa nafasi moja. Kila mwaka baada ya mavuno, ndugu zake waliobaki kule walifanya sikukuu ya ngoma na vyakula, na watu wa pande zote mbili za mpaka hualikwa. "Mlete pale," alisema. "Akinywa chungu kimoja na sisi mbele ya watu wa mlima wangu, pale nilipozaliwa, nitatuma washenga Tukuyu. Asipokunywa, usinitajie tena habari zake." Na Bazilio alimweleza Loyce waziwazi kwamba bila baraka ya mzee yeye haoi, si yeye wala mwingine.

Kunywa kwenyewe kuna utaratibu wake. Chungu huwekwa katikati, mrija huchomekwa, na mkubwa huonja kwanza ili kila mtu aone kwamba kinywaji ni salama. Kisha humpa mgeni mrija uleule. Mgeni akiukataa, hata asipofungua mdomo, amesema mbele ya watu kwamba anaogopa sumu. Bazilio alimfundisha Loyce yote hayo, na Loyce alikuwa na shaka moja tu, kwamba yeye ni Mmoraviani na pombe hajawahi kuigusa. Bazilio akapiga simu kwa shangazi yake Esteri huko ng'ambo, na shangazi akaahidi chungu kizima cha maji ya ndizi mbivu, yale matamu yasiyochachishwa. Wakaona mambo yamekaa sawa.

Basi Jumamosi moja ya Julai mwaka 2014, wawili hao wakaondoka Kasulu na Probox ya Bazilio wakashika njia ya Manyovu. Mzee alikuwa ametangulia tangu juzi yake. Mpakani waligongewa mihuri, wakabadilisha pesa kwa vijana waliokaa kwenye viti vya plastiki na mabunda ya faranga mapajani, wakavuka. Loyce alitegemea nchi ya kigeni. Akaona milima ileile, migomba ileile, na akina mama walewale wenye majembe begani. Kilichobadilika ni kwamba gari lilihamia mkono wa kulia wa barabara, na kila lori lililowajia aliona linawaingia usoni.

"Unaogopa?" Bazilio alimuuliza.

"Gari, ndiyo. Watu wako, hapana."

Bazilio akacheka mpaka akapunguza mwendo. Alimtazama kwa jicho la pembeni, akautazama ule mkono uliotulia juu ya kitambaa cha kitenge, akajisemea kwamba mkono huo asipoupata atazeeka vibaya.

Walipofika mlimani ngoma zilikuwa zimekwisha kuwaka. Uwanja ulikuwa juu kabisa, umezungukwa na vibanda vya majani ya migomba, na kila kibanda kilikuwa na masufuria yake. Loyce hakuja kuonja onja. Alikula ndizi zilizopikwa na maharage kwa mawese, akala kisamvu, akala wale samaki ambao Kigoma ni migebuka na wale wenzetu huwaita mukeke, wamekaangwa mpaka mifupa inatafunika. Ugali wa muhogo aliumega kwa mkono, na mama mmoja alipomletea kijiko kwa heshima alimrudishia kwa shukrani. Shangazi Esteri, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alisimama pembeni akihesabia kila tonge kuwa sifa kwa nyumba yao. Mwishowe akamwambia Bazilio kwa Kiswahili, makusudi ili mgeni asikie, kwamba huyu ana tumbo la kuolewa.

Kisha wakaingia vijana wa agasimbo, ngoma ya upande ule, wakaruka mtu akadhani ardhi inawachoma. Walipotoka, uwanja ukawa wa wanawake. Hao hawakuruka. Walinyanyua mikono juu, wakaikunja kama pembe za ng'ombe wazuri, wakawa wanatembea polepole na mabega yakiongea peke yake. Esteri alimvuta Loyce katikati. Binti wa Tukuyu amekulia kwenye ngoma kubwa kuliko yeye mwenyewe, kwa hiyo hakusubiri kufundishwa. Alitazama kidogo, akavua viatu, akainua mikono. Pale alipokosea alikosea kwa madaha, na waliomcheka walimcheka kwa kumpenda.

Bazilio alikuwa ng'ambo ya uwanja. Macho yao yalipokutana hakuna aliyeyaondoa ya kwake. Loyce alisikia joto limempanda kuanzia kwenye nyayo zile alizovua viatu, na ukweli usemwe, jibu la swali la Bazilio lilikuwa limeshaiva ndani yake. Alikuwa anasubiri tu kutulia apate kulisema.

Ngoma ilipotulia, Esteri akamshika mkono na kumpeleka kwenye kivuli cha kibanda kikubwa. Chungu kilikuwa pale, kimefunikwa jani la mgomba. Wazee na akina mama walikuwa wamekaa duara. Loyce alitegemea kwamba Esteri ndiye atakayempa mrija, maana tangu asubuhi Esteri ndiye mwenyeji wake. Akakaa kwenye kigoda, akafunika magoti kwa khanga, akangoja.

Aliyetoka nyuma ya kibanda alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la kijivu na kofia mkononi. Loyce hakuwahi kumwona, lakini paji la uso lilikuwa la Bazilio, na namna ya kutembea ilikuwa ya Bazilio. Mzee akainama juu ya chungu, akavuta funda moja taratibu, watu wote wakimwona. Akauchomoa mrija, akamsogezea binti kwa mikono miwili.

"Nimeonja, binti yangu," alisema. "Ni salama. Na wewe sasa."

Loyce hakujua miguu yake ilifanya nini. Aliona tu kwamba hayuko tena kwenye kigoda. Alikuwa amechuchumaa chini, amevuta khanga mpaka kichwani, amemgeuzia mzee mgongo, na uso wake unatazama ukuta wa majani. Mtoto mmoja alikohoa mahali fulani, akanyamazishwa.

Mzee alibaki ameushika mrija hewani. Kisha akaurudisha chunguni, akavaa kofia yake, akatoka kivulini. Esteri akasema neno moja kwa Kirundi, halafu, ili pasiwe na asiyeelewa, akalirudia kwa Kiswahili: "Sumu. Anaogopa sumu yetu."

Bazilio alimpata Loyce nyuma ya vibanda, karibu na ile Probox. Mwanaume alikuwa amebadilika rangi. Kwa kawaida alikuwa mtu wa utani, na hapo hapakuwa na utani wowote.

"Nilikwambia kila kitu," alisema. "Hiyo ndiyo inayoniuma. Nilikwambia, ukasema umeelewa."

"Hukuniambia kwamba yeye ndiye atakayenipa."

"Sasa angekupa nani? Si ndiye mwenye chungu? Loyce, yule mzee aliukimbia mlima huu akiwa hana hata viatu. Leo wamempa heshima ya kuonja kwanza, wewe unamgeuzia mgongo mbele ya watu wote waliomfahamu. Amekwisha kuomba lifti. Anarudi Kasulu sasa hivi, na mimi sijui nitamwambia nini."

Loyce hakulia. Alijifuta vumbi la magotini, akamtazama mwanaume wake usoni.

"Bazi, tangu tujuane, umewahi kunisikia nikitaja jina la baba yako?"

Bazilio alirudi nyuma kichwani, mwezi kwa mwezi. Kwenye simu alikuwa "mzee wa nyumbani." Kwenye ujumbe alikuwa "yule mwenye nyumba." Siku mzee alipougua kifua, Loyce alituma dawa na kuuliza kila jioni kama "yeye" ameamkaje. Jina, hakuwahi.

"Sijawahi kukusikia," alikiri.

"Na hutanisikia. Kwetu baba mkwe hatazamwi usoni na mke wa mwanawe. Jina lake halitamkwi. Mama yangu alikuwa akikutana na babu njiani anaiacha njia, anachuchumaa, anampa mgongo mpaka babu apite. Amezaa, amelea, babu amekufa, hawajawahi kula sahani moja. Na mrija sikuja kujifunza huku. Sisi tuna kimpumu, pombe ya ulezi, inanywewa kwa mrija vilevile. Chungu ninakijua. Ninajua kabisa kunywa na mtu chungu kimoja ni nini, ndiyo maana niligeuka."

"Lakini wewe umesoma. Hayo ni ya bibi zako."

"Na mimi nilidhani ni ya bibi zangu. Nimeyacheka sana nikiwa chuoni. Leo nimemwona uso kwa uso, mwili ukanitangulia. Ungekuwa Tukuyu, Bazi, watu wangekupongeza kwa kupata mke mwenye adabu. Hapa nimeonekana mshenzi. Ndivyo ilivyotokea, na sioni aibu kwa hilo. Ninaona uchungu tu kwamba nimemuumiza."

Bazilio alishusha pumzi ndefu. Hasira ilimtoka, ikabaki huruma, na huruma ikawa nzito kuliko hasira. Alisema atakwenda kumweleza mzee kabla gari halijafika, atampigia hata magoti.

"Usiende," Loyce alisema. "Mgongo niliutoa mimi. Ukienda wewe utakuwa umenitetea, na mwanamke anayetetewa siku ya kwanza atatetewa mpaka azeeke. Niachie."

"Utafanya nini? Huwezi hata kumtazama."

"Sijasema nitamtazama."

Akarudi uwanjani. Alipita katikati ya watu waliokuwa wakimnong'ona, hakukimbia wala hakuinama. Kwenye kile kibanda chungu kilikuwa bado pale, hakuna aliyethubutu kukigusa. Mzee alikuwa ameketi pembezoni, amewapa watu kisogo, anaitazama barabara ambako gari lingetokea. Loyce akachukua kigoda, akakiweka karibu kabisa na chungu, akakaa mgongo wake ukimwelekea mzee. Akavuta khanga kichwani kwa utaratibu, safari hii kila mtu aone kwamba anafanya kwa kujua.

"Shangazi," alimwambia Esteri, "naomba unisemee kwa yule nisiyeweza kumtaja."

"Mdomo huna?" Esteri alikuwa bado na moto.

"Ninao. Ila kwetu mdomo wangu haumfikii. Nisaidie wewe, uwaambie na wengine kwa lugha yao."

Esteri alisitasita. Lakini alikuwa mwanamke, na alisikia kwenye ile sauti kitu ambacho si kiburi. Akakunja mikono kifuani, akakubali kwa kichwa.

Loyce akaeleza. Alieleza kama anavyoeleza wodini, bila kupamba na bila kuomba huruma: habari za mama yake anayeiacha njia, za jina lisilotajwa, za sahani mbili na vyungu viwili. Alisema kwao mrija huo angeupokea, mama yake angejifungia ndani kwa aibu. Alisema hakuogopa sumu, kwa sababu tangu asubuhi amekula kwenye kila sufuria ya mlima huo, na kama wangetaka kumuua wamechelewa sana. Esteri akawa anatafsiri kipande kwa kipande. Alipofika hapo kwenye sufuria akatafsiri huku anabana kicheko, na bibi mmoja asiye na meno akakiachia chake.

Mzee hakucheka. Alikaa vilevile na kofia yake. Gari likatokea kwenye kona ya chini, likapanda, likasimama. Dereva akapiga honi. Bazilio, aliyekuwa amesimama nyuma ya watu, akasogea mpaka kwenye nguzo ya kibanda.

"Muulize," mzee alisema hatimaye, bado anaangalia barabara. Aliongea Kiswahili, kile cha Kasulu, cha polepole. "Muulize, mgongo huo kwao wanapewa watu gani? Mgeni? Adui? Mwenye deni?"

Esteri hakuwa na haja ya kutafsiri, lakini alilirudia swali kwa heshima ya mambo yalivyo. Loyce alishika pindo la khanga.

"Mwambie anapewa mtu mmoja tu. Baba wa mume."

Esteri alifungua mdomo ili atafsiri, akasahau. Wale waliojua Kiswahili wakawaambia wasiojua, na neno likazunguka uwanja mzima, likawafikia wapiga ngoma, likamfikia na dereva aliyekuwa anangoja. Miezi yote hiyo Bazilio alikuwa anangoja jibu, kumbe lilipita mbele ya macho yake, akaligombeza.

Mzee Havyarimana akainuka. Akampungia dereva mkono aende. Akachukua kigoda chake mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaja nacho mpaka kwenye chungu. Hakukizunguka ili amkabili binti. Alikiweka nyuma ya binti, akakaa naye akamgeuzia mgongo, migongo yao ikakaribiana mpaka khanga ikagusa koti. Kwa muda wakawa hivyo, mmoja anatazama kusini, mwingine kaskazini, chungu ubavuni mwao.

"Mimi sina mila ya kwao," alimwambia dada yake, na sauti ilikuwa imelegea. "Lakini kama yeye amenipa mgongo kwa heshima, mimi siwezi kumpa uso. Niletee mrija."

Akaonja. Akaupitisha mrija juu ya bega lake, nyuma, bila kugeuka. Mkono wa Loyce ukaupapasa hewani, ukaukosa, ukaupata. Akauchomeka, akanywa. Maji ya ndizi yalikuwa matamu, na pamoja na utamu huo aliyasikia machozi yake mwenyewe, yaliyokuwa yamengoja tangu kule kwenye gari. Aliyaacha yashuke. Ngoma zikapigwa zote kwa pamoja, wala hakuna aliyeziamuru. Bibi asiye na meno akainua mikono yake ya pembe za ng'ombe pale pale alipokaa.

Mzee aliuliza, kupitia kwa Esteri, kwamba ili wao wafike Tukuyu vizuri wafikie nyumba ipi kwanza, ya baba au ya mjomba. Loyce akajibu, kupitia kwa Esteri, kwamba ni ya baba, na kaka yake Lusajo atawapokea stendi. Mzee akauliza kama kule kuna baridi. Loyce akasema abebe koti hilohilo.

Bazilio hakuweza kuvumilia zaidi. Alipita kati ya vigoda, akachuchumaa mbele ya Loyce, akaisogeza kidogo ile khanga ya kichwani ili aone macho yake. Yalikuwa na maji na yalikuwa yanacheka.

"Mimi mwenyewe bado hujanijibu," alinong'ona. "Umewajibu watu wote. Mimi ninataka nilisikie."

"Nimempa mgongo mbele ya mlima mzima," Loyce alimwambia, "wewe unataka nikujibu mara ngapi?"

"Mara moja. Kwa mdomo."

Kabla hajafungua mdomo huo, sauti ya mzee ikapita juu ya bega, haimwelekei mtu yeyote aliye mbele yake.

"Esteri, mwambie huyo kijana amwache mkamwana wangu. Bado tunakunywa."